Wanawake wenye majina, sehemu ya sita: mabinti wawili wa Kizigua

Nimetoka zamu nimechelewa, daladala ya kuja Korogwe ikaharibika njiani, ndo kwanza nimekaa. Mtoto kalala. Tuanze kabla hajaamka kudai ziwa.

Baada ya ile ya Bibi Titi wiki iliyopita, inboksi imejaa swali moja: sista, na sisi huku Handeni na Korogwe hatuna mwanamke wa kuandikwa? Kila siku Dar, kila siku Zanzibar, kwani Uzigua hapakuzaliwa mtu?

Wapo. Leo nawaletea wawili. Mmoja karibu kila Mtanzania amesikia jina lake, ila wachache wanajua asili ya mama yake. Wa pili huku kwetu hatumjui kabisa, wakati kuna watu maelfu, mbali sana na hapa, wanamsimulia watoto wao. Ni ndefu, nimeigawa vipande. Kama unanyonyesha, badilisha ziwa katikati.

*1. Nilivyomwita mama wa watu*

Niwape kwanza aibu yangu, maana bila hiyo aibu mimi mwenyewe nisingelijua hili jambo.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kituo kimoja upande wa Handeni, kliniki ya watoto. Siku ya chanjo, mnazijua zile siku, foleni mpaka chini ya mwembe, watoto wanalia kwa zamu kama kwaya. Kulikuwa na binti kaleta mtoto wa miezi tisa, sindano ya surua, kasindikizwa na bibi mtu mzima kabisa. Walikuwa wanatoka Chogo. Sisi wahudumu tulikuwa na tabia, nasema ukweli, watu wa Chogo tukiwaita "Wasomali". Kadi ilikuwa mbele yangu, jina limeandikwa wazi, lakini kwa haraka ya foleni nikapaza sauti: "Mama Msomali, lete mtoto!"

Hakunyanyuka mtu. Nikarudia. Kimya. Mtoto mwingine akapita, na mwingine. Mwisho nikatoka nje nikamsimamia yule bibi mbele: "Bibi, si nawaita?"

Akaniangalia taratibu. Akasema, "Mwanangu, umemwita Msomali. Sie tumesubiri Mzigua aitwe."

Halafu akageuka akaanza kuongea Kizigua na akina mama waliokuwa kwenye benchi. Mie si Mzigua, baba yangu Msambaa, nashika neno hapa na pale. Lakini niliwaona wale mabinti wa Handeni mjini, Wazigua wa kuzaliwa, wanatazamana. Bibi aliyetoka "Usomalini" alikuwa anaongea Kizigua kuwashinda wao. Mwingine mmoja mwenye umri mkubwa pale kwenye benchi alishika mdomo, akasema hayo maneno aliyasikia mara ya mwisho kwa nyanya yake.

Nikampa shikamoo upya, nikaomba radhi. Akaitikia marahaba, akacheka. Mtoto akachomwa sindano. Wakati tunasubiri kuona kama atapata homa ya haraka, nikamuuliza: bibi, imekuwaje? Ndo akanitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia darasani hata siku moja: Wanankhucha.

Baadaye nilitafuta, nikasoma walioandika, nikauliza wazee. Nitawaambia yale ambayo masimulizi na maandishi yanakubaliana.

*2. Njaa iliyowapandisha jahazini*

Rudini nyuma karibu miaka mia mbili, miaka ya 1830. Uzigua ya wakati ule ni nchi kubwa, kuanzia mto Pangani kushuka kusini kuelekea Wami. Ukiwa Korogwe darajani ukitazama upande wa Handeni, unaitazama. Mvua zikakatika. Sio msimu mmoja. Njaa ikaingia, na anayejua Handeni anajua hata leo mvua ikigoma kule inakuwaje, kisima kinakuwa safari ya nusu siku.

Sasa wenye njaa wakashuka pwani. Na pwani wakati ule ndo kulikuwa na biashara ya watu imepamba moto, Sultani Seyyid Said na mikarafuu yake Zanzibar, majahazi yanapanda na kushuka. Wazee wa Kizigua wa kule Somalia wanasimulia kwamba babu zao hawakukamatwa vitani. Walidanganywa. Waliambiwa pandeni, kuna nchi ina chakula, mtafanya kazi mtalipwa, njaa ikiisha mtarudi. Wakapanda na watoto wao. Walipotia nanga ilikuwa Barawa, pwani ya Somalia, kama kilomita 1,000 kutoka Handeni ukipima mstari ulionyooka. Wakauzwa pale, wakasambazwa kwenye mashamba ya bonde la mto Shabelle kulima nafaka na pamba za watu wengine.

Mama unayesoma hii, hebu fikiria jambo moja tu. Fikiria wewe ndiye uliyeamua kupanda lile jahazi ili mtoto ale. Hukuwa mjinga. Ulikuwa na mtoto mgongoni ambaye nywele zimeanza kuwa nyekundu na miguu inavimba, na mtu mwenye kanzu safi anakuambia kuna chakula. Mimi nawaona kila mwaka mabinti wa huku wanaoondoka na mtu waliyemjua juzi, kaahidi kazi ya ndani mjini au ng'ambo. Tunawasema sana. Tukumbuke njaa inavyoongea.

*3. Wanankhucha*

Katika hao waliouzwa alikuwemo mwanamke, Wanankhucha. Hatuna picha yake, wala mwaka wa kuzaliwa. Masimulizi yanamtaja kuwa mwenye kuona mbele, mtabiri, mtu ambaye watu wake walimsikiliza akisema jambo. Na jambo alilosema ni kwamba twende nyumbani.

Miaka ya 1840 hivi akaongoza Wazigua kutoroka utumwani. Haikuwa kila mtu akimbie kivyake porini usiku. Kundi zima liliondoka kwa mpango, wanaume, wanawake na watoto, kutoka mashamba yaliyotawanyika, katika nchi ambayo hawana lugha yake wala ndugu. Anayejua kuhamisha wodi moja tu ya wazazi kwenda jengo jingine anajua shughuli yake. Huyu alihamisha watu kwa siri, wenye mabwana wanaolala na mikuki.

Walishika njia ya kusini. Hesabu yao ilikuwa rahisi: jahazi lilitupandisha kaskazini, tukishuka kusini tutafika Uzigua.

Walifika bonde la mto Juba. Pale palikuwa na msitu mnene, na huo msitu ndio uliowapa jina waliloitwa baadaye, Wagosha, watu wa msituni. Na hapa kuna kitu nakipenda kama mtu wa afya. Msitu ule ulijaa mbung'o na mbu. Wafugaji wa Kisomali hawakuweza kuingiza ng'ombe mle, kwa sababu mbung'o wanaleta nagana, ng'ombe anakonda anakufa. Asiye na ng'ombe wa kupoteza, mwenye jembe tu, aliweza kukaa. Sisi tunawafundisha nyie kila siku kwamba mdudu ni adui, neti, neti, neti, na nitaendelea kuwaambia. Lakini kwa wale watoro mdudu alikuwa ndiye askari wa getini. Walilipa kwa homa, bila shaka walizika watoto wengi, ila hakuna aliyekuja kuwarudisha shambani kirahisi.

Wakiwa hapo, ardhi ikatetemeka. Tetemeko la kweli. Watu wakamtazama Wanankhucha. Nyumbani bado mbali, nyuma kuna mabwana, chini ardhi inacheza. Yeye akaisoma ile dalili, akaunganisha na utumwa walioupitia, akasema: safari inaishia hapa. Tunakaa.

Wengine wangemlaumu. Mtu kakutoa utumwani kwa ahadi ya kurudi kwenu, halafu katikati anasema basi. Mimi kwa maoni yangu ukubwa wake upo hapo. Nikupe mfano wa kazini. Niliwahi kusindikiza mama mwenye uchungu kwenye gari la wagonjwa, rufaa, barabara ya Handeni kuja Korogwe, wakati ule haijawa nzuri kama sasa. Dereva anataka kufika, ndugu wanataka kufika, mimi mwenyewe nataka kufika maana huko kuna daktari. Katikati ya safari kichwa cha mtoto kimeonekana. Hapo anayeng'ang'ania kufika anaua. Nilisema simamisha gari. Tulizalisha pembeni ya barabara, chini ya tochi ya simu, na yule mtoto sasa anasoma shule. Sijilinganishi na Wanankhucha jamani, nisije nikaambiwa najisifu. Nasema tu kwamba kusimamisha msafara kunataka moyo kuliko kuuanzisha.

Walikaa. Wakafyeka, wakalima mahindi na ufuta, wakajenga vijiji. Watoro wengine wa makabila mengine, Wayao, Wamakua, Wanyasa, wakazidi kumiminika kwenye bonde lile, hata mwanzoni mwa miaka ya 1900 makadirio yalifika watu 35,000. Wengi wa hao wengine lugha zao zilipotea, wakaongea Kisomali. Wazigua wakabaki na Chizigula chao, kama wanavyoiita.

Kwa nini wao? Wataalamu wana mengi ya kusema. Mimi natazama jambo moja ambalo wazee wa Handeni wananithibitishia: Mzigua wa zamani alihesabu ukoo kwa mama. Wewe ni wa nani, unajibu kwa upande wa mama. Mtu anayehesabiwa hivyo hawezi kumsahau nyanya yake, maana akimsahau hajui yeye ni nani. Na ngoma za kufunda mabinti hawakuziacha, na mle ndani mafundisho yalitolewa kwa lugha ile ile. Kwa hiyo lugha ilipita jikoni na ngomani, mikononi mwa wanawake, miaka karibu mia na sitini, bila kitabu wala redio.

Msidhani maisha yalikuwa mteremko. Waitaliano walipotawala walifuta utumwa kwa karatasi, halafu miaka ya 1930 wakawakamata hao hao watu wa bonde la Juba kufanya kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba yao. Na majirani waliendelea kuwaita jareer, yaani wenye nywele ngumu. Nywele hizi hizi mnazozisuka Jumamosi. Kuna watoto walizaliwa na kufa wakiitwa hivyo nchini ambako mababu zao walilima vizazi vitano.

*4. Aliyeitwa Mtumwa*

Sasa twendeni Zanzibar. Msinung'unike, nina sababu.

Njaa na biashara ile haikupeleka Wazigua Barawa tu. Zanzibar nako walipelekwa. Na mwaka 1880, kijiji cha Fumba, kusini mwa mji, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake, Mzee Saad, asili yake Unyamwezi, Tabora. Mama yake, asili yake Mzigua wa Tanga. Wote wawili walizaliwa hapo hapo Zanzibar, asili tu ndiyo ya bara. Walikuwa masikini, wakulima na wafinyanzi wa vyungu.

Mtoto akapewa jina. Wakamwita Mtumwa.

Soma tena. Mtoto mchanga, kadi yake ya kliniki kama ingekuwepo, pale kwenye jina pangeandikwa Mtumwa binti Saad. Ilikuwa zama za utumwa, soko la Zanzibar lilishafungwa mwaka 1873 lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, ulifutwa 1897. Mtoto alipewa jina la zama zake.

Hakupelekwa shule. Alijifunza kufinyanga, na alipokuwa mkubwa akawa anabeba vyungu kutoka Fumba mpaka mjini kwa miguu, kilomita zaidi ya kumi na tano, anauza kwa kuimba. Sauti ilitangulia, chungu kikafuata. Watu walimjua anakuja kabla hawajamwona. Akaolewa, ndoa ikavunjika, na mwaka 1911 akahamia mjini kutafuta maisha. Mwanamke aliyeachika, hana elimu, hana ukoo wa kujivunia, ana sauti. Mjini akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki, aliyemfundisha kuimba na ala, na wakaunda kundi na kina Subeti, Buda, Mbaruk na Mwalim Shaaban. Taarabu wakati huo ilikuwa mambo ya majumba ya wakubwa, ikiimbwa Kiarabu, na wanaume ndio waliokaa mbele. Huyu mfinyanzi akaingia mbele, na akaimba Kiswahili cha watu wanaonunua vyungu.

Hapo ndipo jina likabadilika. Wakaanza kumwita Siti. Siti ni bibi, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa mpaka Siti, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Sasa mmemjua ni nani: Siti binti Saad.

Mwaka 1928 kampuni ya sahani za santuri ikamchukua yeye na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi. Alikuwa miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa za Afrika Mashariki kuuzwa kwenye sahani. Watu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Dar walikaa barazani wakasikiliza sauti ya mtu wa Fumba ikitoka kwenye sanduku.

Wivu haukukosekana. Walimtungia maneno: uso hana, asili hana. Na yeye alijibu kwa wimbo, ndiyo mahakama yake ilikokuwa. Nyimbo zake zilibeba hata kesi za kweli. Ule wimbo wa Kijiti, wengi mnaujua kwa jina, unahusu mwanamke mgeni aliyetoka bara akabakwa na kuuawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Muuaji akatoroka. Waliofungwa wakawa wanawake wawili waliotoka na yule marehemu. Mahakama ikamaliza, Siti akaanza. Mimi kama nesi ambaye nimeshaandika fomu za polisi za wanawake waliopigwa na kubakwa, halafu nikasikia kesi imeisha "kifamilia", ninauelewa ule wimbo kwa namna ambayo sijui nieleze vipi. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Walijua wanachofanya.

Alifariki mwaka 1950. Kabla hajafa alikaa akamsimulia maisha yake mtu mmoja, na huyo mtu ni wa kwetu: Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui, Tanga. Ndo tukapata kitabu, Wasifu wa Siti Binti Saad. Bila kile kitabu na zile sahani, huenda leo tungekuwa tunasema tu kulikuwa na mwanamke mmoja aliimba vizuri. Ona tofauti sasa. Siti alipata santuri, akapata na mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili. Wanankhucha alipata bibi na mjukuu, jioni, jikoni. Na wote wametufikia. Wa kwangu mimi alinifikia kwenye benchi la chanjo.

*5. Waliorudi*

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, vita vikaingia bonde la Juba. Wakulima wale, wenye ghala za mahindi na wasio na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwatetea, wakaporwa na kila kikundi kilichopita. Wakakimbia. Wengi waliingia Kenya, kambi za Dadaab. Wengine wakasema neno ambalo Wanankhucha alilisema miaka mia na hamsini nyuma: twende nyumbani. Wakaja Tanzania.

Na serikali ikawapa sehemu. Unajua wapi? Handeni. Kambi ya Mkuyu. Baadaye, mwaka 2003, makazi ya Chogo, wakagawiwa mashamba. Watu walioondoka kwa njaa wakarudi kwa vita, kwenye ardhi ile ile, wakakuta wenyeji wanaongea lugha yao. Ule msafara uliosimama kwa sababu ya tetemeko ukamalizia kipande kilichobaki.

Wa Kenya hawakubahatika hivyo. Waliomba nao waje Tanzania, lakini miaka ile tulikuwa tumeelemewa na wakimbizi wa Rwanda. Msumbiji ikasema ndiyo halafu ikashindwa. Mwishowe Marekani ikawachukua kama 12,000, wakaanza kuondoka mwaka 2003. Leo kuna Wazigua Lewiston, jimbo la Maine, wanakoga theluji. Kuna nyanya huko anamfundisha mjukuu Chizigula na mjukuu anamjibu kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya misaada yaliwapa wote jina jipya, "Wasomali Wabantu", kwa sababu fomu ilitaka jina. Sikatai, fomu zinataka majina, na mie najaza fomu kila siku.

Kufikia 2009 zaidi ya elfu moja wa Chogo walikuwa wameshapewa uraia wa Tanzania. Sasa ndo unielewe aibu yangu. Yule bibi alikuwa ameshapita yote hayo. Kavuka mpaka, kambi, foleni ya uraia, kaapishwa, ana cheti. Halafu anafika kliniki na mjukuu wake wa kitukuu, aliyezaliwa Handeni, na nesi wa kutoka Korogwe anampigia kelele "Msomali".

Nilimuuliza siku ile, kabla hawajaondoka, kama huyo Wanankhucha ana kaburi, mtu akaenda kuona. Akasema yeye alilelewa na hadithi, kaburi hakuonyeshwa. Akamfunga mtoto mgongoni kwa mama yake, akaikagua kadi kwa kuigeuza geuza ingawa kusoma hakujua, akaniuliza, "Umeandika jina lake vizuri?" Nikamsomea herufi moja moja. Akasema sawa.

Tangu hapo nasoma jina kwenye kadi. Foleni iwe ndefu namna gani, nasoma jina.

Haya, mtoto ameamka. Mwenye nyanya au bibi Mzigua ambaye bado ana masimulizi ya njaa ile ya majahazi, niandikie hapo chini, hata kama ni mstari mmoja, na kama ni Kizigua andika Kizigua hicho hicho, kuna watu humu watatafsiri. Wa Chogo mliomo humu, nimeona wawili watatu, nisahihisheni nilipokosea. Sehemu ya saba ni Shakila wa Pangani, ila sio kesho, kesho niko usiku. Na wale wenye watoto wa miezi tisa wiki hii, surua isipite. Njooni mapema kabla jua halijapanda.